Kwanza Umejuaje?

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya hela anayolipwa mtu kwa kazi yake. Tuna ujira, mshahara, posho, marupurupu, kifuta jasho, bakshishi, na siku hizi tuna bonasi, iliyoingia mjini ikiwa imevaa suti. Mshahara wenyewe tumeutoa kwenye Kiarabu, na ndani yake umo mwezi, kwani kwao shahr ni mwezi. Kila unapotaja mshahara unataja kalenda bila kujua. Posho ilianzia jikoni. Vuka mpaka uende Kampala uagize posho, utaletewa ugali. Zamani kibarua alipimiwa unga ukawa sehemu ya malipo yake. Unga ukaondoka, jina likabaki, na leo posho ya kikao inaliwa na watu ambao hawajawahi kushika jembe.

Pamoja na utajiri wote huo wa maneno, hebu muulize mtu mwenye shahada yake, anayefanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, analipwa shilingi ngapi. Atacheka kidogo. Atasema "tunamshukuru Mungu". Atasema "inasogeza siku". Atasema ya kula ipo, ya kuweka ndiyo hakuna. Atakujibu kwa kila kitu isipokuwa tarakimu. Na ni mtu huyohuyo ambaye wiki iliyopita alikusimulia upasuaji wake kuanzia kuchomwa sindano ya ganzi mpaka kutolewa nyuzi.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu mwezi wa kumi na moja, kwa sababu ya mdogo wangu wa mwisho. Amesoma uhasibu, na baada ya kuhitimu amekaa mwaka na nusu kwenye ofisi moja ya Mwanza akifanya ile kazi tunayoiita kujitolea, yaani kazi ya kawaida inayolipwa nauli. Safari hii kampuni moja ikamwita kwenye usaili wa awali, ikamtumia na fomu ya kujaza. Jina, elimu, wadhamini, yote akajaza. Akafika kwenye mstari ulioandikwa "Matarajio yako ya mshahara kwa mwezi". Akanitumia picha ya mstari ule na maneno sita: "Dada, sasa hapa mimi naandika ngapi?"

Mimi ni mwandishi wa habari. Kuuliza ndiyo kazi yangu, na nimeshawauliza mawaziri maswali magumu kuliko hilo. Nikamwambia nipe siku tatu. Nikaanza kupiga simu kwa watu niliosoma nao, walio kwenye taaluma zao kwa zaidi ya miaka kumi, nikiwauliza mambo mawili tu: mwaka ujao mnatarajia nini, na mtu anayeanza kwenu anaanza na ngapi?

Swali la kwanza lilijibiwa kwa furaha. Rafiki yangu wa benki alisema wanasubiri Machi, pengine Aprili, hesabu za mwaka zikishakaguliwa na bodi ikishakaa. CRDB na NMB, benki zetu mbili kubwa, kila moja ilitangaza faida ya mamia ya mabilioni ya shilingi kwa mwaka 2024, kwa hiyo yeyote aliye kwenye sekta hiyo ana haki ya kuota. Lakini bonasi ya benki, akanieleza, haigawanywi kama pilau ya shughuli. Kuna alama unazopewa na bosi wako kwenye tathmini ya mwaka, na alama moja tu inaweza kukutenga na mwenzako wa meza ya pili. Nikamuuliza yeye alipata ngapi mwaka jana. Akaniambia mtandao unakatakata.

Mhandisi aliye kwenye mradi wa barabara alisema matarajio yake yako kwenye hati za malipo. Mkandarasi akilipwa na mwenye mradi, wao wanalipwa. Hati ikikaa wizarani miezi minne, na wao wanakaa miezi minne, na Krismasi inapita ikiwaangalia. Daktari wa hospitali binafsi alisema yeye anafuatilia bei za NHIF kuliko anavyofuatilia Mei Mosi, kwa sababu wagonjwa wao wengi wanakuja na kadi ya bima, na kinacholipwa na mfuko ndicho kinachoamua kama kutakuwa na nyongeza. Tuliona wote Machi 2024 hospitali binafsi zilipogoma kuwahudumia wenye kadi hizo kwa sababu ya bei mpya. Wengi tuliliona kama jambo la wagonjwa tu. Nyuma yake kulikuwa na mishahara ya watu.

Dada mmoja niliyesoma naye, ambaye alikuwa kwenye mradi wa UKIMWI unaofadhiliwa na Marekani, alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Januari 2025 serikali mpya ya kule ilisimamisha misaada, na mradi wao ukafungwa. Kwa miaka mingi watu wa mashirika ndio tuliokuwa tunawaonea wivu: gari jeupe, safari za mikoani, posho ya kulala. "Mimi mwaka ujao sitarajii nyongeza," akasema. "Natarajia mkataba. Hata wa miezi sita."

Na sisi wa vyombo vya habari? Kwetu bonasi ni mshahara kuingia kwa wakati. Wenzetu wengi wa mikoani wanalipwa kwa habari iliyochapishwa, na isiyochapishwa ni sadaka. Ndiyo maana bahasha ya khaki kwenye mikutano ya waandishi haijafa pamoja na semina zote za maadili tulizohudhuria, ambazo nazo zilikuwa na posho.

Swali la pili, la mtu anayeanza, lilinirudishia ukimya. Watu tisa niliowapigia, sita walinipa methali, ushauri au kicheko. Mmoja, mhasibu, alinitumia tarakimu kwenye WhatsApp, kisha baada ya dakika moja akaifuta. Nilikuwa nimeshaiona. Lakini nilijiuliza: huyu anamwogopa nani? Hajaiba. Analipwa kihalali, anakatwa kodi. Tarakimu yake ipo kwa mwajiri, ipo benki, ipo TRA, ipo NSSF. Wanaijua wote isipokuwa mtu anayefanana naye.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema wahenga. Kwenye ofisi zetu mtungi ni mmoja lakini kata ziko nyingi, na kila kata imeapishwa peke yake.

Linganisha na walimu. Mwalimu wa Nachingwea hamjui mwalimu wa Karagwe, hajawahi kumwona, lakini akiambiwa daraja lake anajua analipwa kiasi gani. Ngazi za mishahara ya serikali zina herufi na namba, TGS hii, TGTS ile, na hakuna siri ndani yake. Kwa sababu hiyo watumishi wa umma wana kitu ambacho sisi wa sekta binafsi hatuna: wana mazungumzo. Kila mwaka mwezi wa tano nchi nzima inakaa inasubiri kusikia.

Mnakumbuka jinsi tulivyosubiri. Kati ya 2016 na 2021 hapakuwa na nyongeza ya jumla, na mtaani tukatunga msemo wetu kwamba vyuma vimekaza. Kisha ikaja Mei Mosi ya 2022, Dodoma, na Rais Samia akawaambia wafanyakazi kwamba lile jambo letu lipo. Mimi kama mpenzi wa lugha nililishangilia neno hilo kabla sijalishangilia kama mlipwaji. Jambo! Uwanja mzima ulijua jambo ni nini na hakuna aliyehitaji kulitaja. Wiki mbili baadaye jambo likapata tarakimu: asilimia 23.3 ya kima cha chini, kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000. Julai ilipofika na mishahara kusoma, walio juu ya kima cha chini ambao walikuwa wameshaizidisha asilimia ile kwenye mishahara yao yote wakakuta kiasi kidogo sana, na kelele zikasikika mpaka Serikali ikasimama kueleza. Mei Mosi ya 2025 kule Singida likatangazwa jingine: kima cha chini cha mtumishi wa umma kitoke 370,000 kiende 500,000 kuanzia Julai.

Unaweza kusema ni kidogo, unaweza kusema ni kikubwa, lakini unaweza kusema. Ile kelele ya Julai 2022 iliwezekana kwa sababu kila mtu alikuwa anaishika karatasi yenye namba ambayo mwenzake naye anayo. Hata vibarua na wafanyakazi wa chini wa sekta binafsi wana amri yao ya mishahara. Wastani wa kima cha chini kwao umepandishwa kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Anayelinda geti la ofisi yetu anaweza kufungua tangazo la Serikali akaona sekta yake imewekewa nini. Sisi tuliomo ndani, wenye shahada, tunaingia na kutoka tukimpita, kila mmoja na bahasha yake kifuani.

Haikuwa hivi siku zote. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukatoka bandarini ukaenda mbali zaidi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Zanzibar, na waliosoma Kuli ya Shafi Adam Shafi wanaujua mgomo ule kwa njia ya riwaya. Ninachokiona mimi katika migomo ile ni jambo dogo ambalo wanahistoria hawana haja ya kulitaja: hakuna aliyehitaji kumuuliza mwenzake unalipwa ngapi. Ujira wa kuli mmoja ulikuwa ujira wa makuli. Mtu hawezi kugomea tofauti asiyoijua.

Hata wakubwa walikuwa wanataja. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo lile la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wao wa kuanzia. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao kwa mamia, na palepale akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi. Unaweza kubishana na Mwalimu kuhusu adhabu ile mpaka kesho, lakini mshahara ulikuwa hoja ya hadharani, wa Rais na wa kijana aliyetoka chuoni, kwenye meza moja. Na mwaka 2017 Rais Magufuli alisimama mbele ya viongozi wa serikali za mitaa akautaja wake: milioni 9 kwa mwezi. Nchi haikuanguka.

Sasa niwaeleze kwa nini mimi nina neno na ukimya huu.

Miaka saba iliyopita nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha habari ambacho sitakitaja. Mwenzangu mmoja, aliyeajiriwa miezi minane baada yangu, dawati lilelile, majukumu yaleyale, aliomba mkopo kwenye SACCOS ya ofisi akaniomba niwe mdhamini wake. Tulikuwa tunaelewana vizuri, na bado tunaelewana. Fomu ya mkopo ilikuwa imebanwa pamoja na karatasi yake ya mshahara. Nilipokuwa natafuta mahali pa kusaini nikaiona tarakimu. Ilizidi yangu kwa shilingi 350,000.

Nilisaini. Mkopo haukuwa na kosa, wala yeye hakuwa na kosa. Yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba ananizidi. Siku ya pili nikaomba kumwona bosi. Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mahojiano: idadi ya habari nilizoandika, za ukurasa wa mbele ngapi, zamu za usiku ngapi. Nikaeleza kwa adabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwanza umejuaje?"

Nimelichambua swali hilo kwa miaka saba, na naona ndani yake kuna kila kitu. Hakusema si kweli. Hakusema ni haki, wala si haki. Kosa lililokuwa mezani lilikuwa moja, la kujua, na mkosaji nilikuwa mimi. Baadaye, alipoona sijibu, akaongeza kwa upole kwamba mwenzangu ana familia. Wakati huo mimi nilikuwa namnunulia mama dawa za presha kila mwezi na namlipia ada mdogo wangu huyuhuyu, akiwa kidato cha sita. Sijui wao walikuwa nani kwangu, kama si familia. Mwishoni nikaongezewa shilingi 50,000, ikaitwa ya usafiri, pamoja na maneno mawili: isitoke nje.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua ili mwanamke na mwanamume wanaofanya kazi ya thamani sawa walipwe sawa. Ni maneno mazuri. Lakini utadai vipi usawa wa kitu ambacho ni mwiko kukijua? Ndiyo maana watu wanaponiambia kuficha mshahara ni heshima, ni utamaduni, ni kuogopa kijicho na vizinga vya ndugu, nakubali kwamba vizinga vipo, na mimi vimenipata. Shangazi akijua unalipwa ngapi, kila harusi ya ukoo wewe ni mwenyekiti wa kamati. Hilo ni kweli. Ila shangazi hayuko ofisini. Tumeichukua kinga tuliyoiweka dhidi ya shangazi tukaenda nayo mpaka kwenye dawati la mwenzetu, mahali ambapo anayekingwa ni mwingine kabisa.

Nikampigia mdogo wangu siku ya tatu, kama nilivyoahidi. Nilikuwa na tarakimu tatu za watu walioanza uhasibu kwenye kampuni za ukubwa ule, pamoja na ile iliyofutwa. Tukakaa kwenye simu saa nzima tukipiga hesabu, kwa sababu nilitaka ajue kwamba namba atakayoandika siyo atakayoila. Tuseme mshahara ghafi ni 1,200,000. NSSF inachukua asilimia 10, ni 120,000. Inabaki 1,080,000 ambayo ndiyo inakatwa kodi: laki mbili na sabini ya kwanza haiguswi, halafu inapanda ngazi, asilimia 8, 20, 25, na kila shilingi inayozidi milioni inakatwa asilimia 30. Kodi yote ni 152,000. Kisha Bodi ya Mikopo, kwa sababu alisoma kwa mkopo, asilimia 15 ya mshahara: 180,000. Mkononi inabaki 748,000.

"Dada, hiyo si ni kama nusu?" Nikamwambia ni zaidi ya nusu, mshukuru Mungu. Tukacheka, lakini nilimsikia akivuta pumzi. Nikamweleza na la bonasi, asije akaambiwa tukulipe kidogo, mwisho wa mwaka tutakufurahisha. Sheria haimlazimishi mwajiri kuitoa. Kama haikuandikwa kwenye mkataba, ni hisani. Wanaoitoa wanapenda kusema chanda chema huvikwa pete, lakini pete ni yao, na kidole kipi ni chema wanaamua wao. Ikitoka, inaingia juu ya mshahara wa mwezi ule na kukatwa kodi kwenye ile ngazi ya juu. Mshahara wa msingi ndio utakaokupigia hesabu ya mkopo wa nyumba, ya nyongeza zote zinazokuja. Anza na wenyewe.

Halafu akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimejipanga kwa kila kitu isipokuwa hilo. "Na wewe wanakulipa ngapi?"

Nimemlea huyu mtoto. Nimemlipia shule. Anajua namba ya siri ya simu yangu. Hajawahi kujua ninalipwa ngapi, na mama alifariki bila kujua. Nikaitaja. Nilimtajia ghafi, nikamtajia makato, nikamtajia ya mkononi. Kulikuwa na kimya upande wa pili, kisha akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana ile mihula ya mwisho ulikuwa unachelewa kutuma." Nilikuwa nimemficha mshahara nikidhani namficha utajiri.

Akaandika 1,400,000. Wamemwita usaili wa pili Januari, namba haijawafukuza.

Mimi mkataba wangu unaisha mwisho wa Machi. Kwenye dawati letu la sasa tuko wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, na wote mikataba yetu inaisha mwezi huohuo. Wiki iliyopita, baada ya kufunga kurasa, tulikwenda kula chipsi, na nikaanza mimi. Nikaitaja yangu bila kicheko na bila kumshukuru Mungu kwanza. Ikapita kama dakika nzima ya kuchezea vijiti vya meno. Kisha wa pili akataja, wa tatu, wa nne. Kati ya anayelipwa zaidi na anayelipwa kidogo kuna tofauti ya shilingi 420,000, na anayelipwa kidogo ndiye anayetufundisha sisi wengine kutumia mitambo. Anayelipwa zaidi aliona aibu, tukamwambia asione. Hakuna anayetaka apunguziwe.

Tumekubaliana kwamba kila mmoja ataandika barua yake, kwa sababu mikataba ni minne, lakini namba itakuwa moja. Huenda tukakubaliwa, huenda tukaambiwa biashara ya magazeti ni ngumu, na kweli ni ngumu. Lile swali la zamani nalo likija, tunalo jibu la kweli lisilohitaji kumsingizia mtu wala karatasi: tumeambiana.